Senga, Msoma Midomo wa Kirkallan

Watu wa Kirkallan, mji mdogo wa Uskoti, walipotaka kusengenyana, walitazama kwanza kama Senga Geddes hayuko ng'ambo ya barabara. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kazi, hilo kila mtu alilijua. Ukimwita kwa nyuma hageuki hata upige tarumbeta. Lakini macho yake! Mtu akinong'ona mlangoni mwa duka la mikate, Senga aliyesimama kituo cha basi upande wa pili alikunywa kila neno kama chai. Hakuwa mbeya. Aliyaona, akayameza, akapanda basi lake. Ila watu humwogopa anayejua na kunyamaza kuliko anayejua na kupayuka.

Ujuzi huo aliupata kiwandani. Aliingia akiwa na miaka kumi na mitano, mwaka wa sitini na nane, wakati kiwanda cha sufu kando ya mto kilikuwa bado kinaimeza nusu ya mji asubuhi na kuitema jioni. Banda la kufumia lilikuwa na mitambo tisini, na mitambo tisini ikipiga kwa pamoja, hujisikii hata ukipiga chafya. Basi wanawake wa mle walijifunza kusema bila sauti. Walilikunja neno midomoni, wakalivuta, wakalipanua mpaka likaonekana kama limechorwa hewani, na wa mtambo wa kwanza akaweza kumtania wa mtambo wa arobaini bila hata mmoja kuacha kazi. Siku za mwanzo Senga alidhani ametumbukizwa majini pamoja na samaki. Kila alikotazama, vinywa vilifunguka na kufumba, na watu wakacheka vicheko visivyo na mlio. Baada ya miezi mitatu, naye akawa samaki.

Humo alimpata mumewe, Wattie, fundi wa mitambo, kijana mrefu mwenye grisi hadi kwenye nyusi. Humo pia aliacha masikio yake, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na kiwanda kilipofungwa kikaondoka nayo. Hakulia. Alisema kimya kimekuja kama theluji ya usiku: umelala, umeamka, kila kitu kimefunikwa na ni kizuri kutazama.

Wattie alikufa miaka mitatu kabla ya mambo haya, katika Nyumba ya Kilimani, ile nyumba wanayopelekwa wagonjwa ambao dawa zimewakatia tamaa. Ugonjwa wa koo ulikuwa umemnyang'anya sauti. Wauguzi walimwona mke ameketi kando ya kitanda kutwa nzima, mume amemwelekea, wote kimya, wakaambiana, "Maskini, wamebaki kutazamana tu." Kumbe wawili wale walikuwa wakigombana kuhusu mpira. Kwa miezi sita waliongea midomo kwa midomo kama zamani, hata asubuhi ya mwisho.

Baada ya hapo Senga hakuwa na mtu wa kuzungumza naye hivyo isipokuwa Netta Haldane, shoga yake wa kiwandani, na Netta alikuwa amehamia kwa binti yake, mwendo wa saa nzima kwa basi.

*

Kila Juni mji huo hufanya hafla ya kuchangia Nyumba ya Kilimani. Watu huvaa kilti, zile sketi za kiume za marinda, na shuka za tartani mabegani, kila ukoo na miraba yake, hula, hunywa, husikiliza zumari la mfuko, hufanya mnada, kisha hucheza mpaka viatu vitoe moshi. Hufanywa chini ya hema. Mwaka ule kamati ilipewa lile banda la zamani la kufumia, ambalo limegeuzwa ukumbi, na Senga akaombwa akae chumba cha pembeni na sindano yake. Wanaume wanaovaa kilti mara moja kwa mwaka huwa na dharura zao. Tumbo limeongezeka, mshipi haufiki, kifungo kimeruka.

Alifika mapema, saa tisa alasiri, na kikapu mkononi. Mitambo iliuzwa zamani ikawa chuma chakavu. Sakafu imesuguliwa ikang'aa, na nguzo za chuma zimepakwa rangi nyeupe kama mabibi harusi waliopangwa mistari. Senga alikusudia kwenda moja kwa moja chumbani kwake. Miguu haikukubali. Ilimpeleka nguzo ya tatu, mkono wa kushoto, ikasimama.

Hapo ndipo ulipokuwa mtambo wake. Jua lilikuwa limepenya madirisha ya paa, na vumbi likielea ndani ya mwanga polepole, vile vile lilivyoelea zamani, ila la zamani lilikuwa na rangi. Siku za kufuma nyekundu mtu alipiga chafya nyekundu. Akasimama. Akahisi, au alidhani anahisi, mtetemo ukipanda kutoka kwenye mbao kuingia nyayoni, magotini, kifuani, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba anayoijua. Akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua, mwanamke wa kamati alikuwa mbele yake na karatasi zake.

"Umepotea, mama?"

"Hapana, mwanangu. Nimefika mapema tu."

Mteja wake wa kwanza alikuwa mgeni, mtu wa miaka sitini hivi, mwekundu usoni, mwenye mikono mikubwa ya mtu wa shamba. Aliingia akitembea kwa hadhari kama aliyebeba mayai. Kilti yake ilikuwa ya kukodi.

"Mama, kuna kitu hakijakaa sawa hapa," alisema. "Ila sijui ni nini."

Senga alimzunguka mara moja. "Umevaa mbele nyuma, mwanangu. Marinda hukaa nyuma. Ukiketi hivyo, ukumbi mzima utajua siri zako."

Yule bwana akacheka mpaka akashika meza. Jina lake, alisema, ni Keir Dalgarvie, kutoka Dunedin, New Zealand. Senga alipokuwa amepiga magoti anamfungia mishipi upya, aligundua jambo. Wageni wengi humchosha macho. Humeza maneno, hugeuza shingo, huongea na masharubu yao. Huyu alimgeukia uso kila aliposema, na kila neno lilikaa midomoni mwake wazi, zima, kama yai kwenye sahani.

"Umefuata nini huku mbali?" akamwuliza.

"Mama alifariki mwezi Machi. Baba alitangulia zamani. Baba ndiye aliyenijaza habari za ukoo, vita, ngome, mababu wenye panga. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Uskoti. Aliyezaliwa hapa Kirkallan ni mama."

"Akiitwa nani?"

"Ina. Ina Purves. Aliondoka mwaka wa sitini na mbili."

Senga alitafuta kichwani. Akina Purves walikuwa wengi. "Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa mwaka huo. Simkumbuki, nisikudanganye. Alifanya kazi gani?"

Keir akainua mabega. "Hakupenda kusema. Ukimwuliza, anasema, 'Nilikuwa kule karibu na mto.' Basi. Ungedhani alikuwa bata." Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka lenyewe. "Leo wananadi kitambaa cha ukoo wetu. Nimeambiwa kilitoka vitani, kina zaidi ya miaka mia mbili. Nataka nirudi nacho. Nisirudi mikono mitupu."

Alipotoka, amevaa vizuri na mgongo umenyooka, Senga alibaki anatazama mlango.

*

Kitambaa kilikuwa kimewekwa juu ya meza ndefu mbele ya jukwaa, kikalindwa na kamba. Kando yake alisimama Struan Carfrae, mwenyekiti wa kamati, muuza nyumba na mashamba, mtu mwenye kifua mbele na roho nzuri nyuma yake. Senga alimjua tangu akiwa na kamasi.

"Njoo uone, Bi Senga," alisema. "Kimetoka kwenye sanduku la dari la ile nyumba kubwa ya bonde la juu, pamoja na barua za mababu. Hebu fikiria walivyokihifadhi!"

"Naweza kukigusa?"

"Wewe peke yako. Una mikono ya fundi."

Kilikuwa kijani na cheusi, na mstari mwembamba mweupe uliopita kila miraba minne. Rangi zilikuwa zimepoa, na harufu ya dawa ya nondo ilimpanda puani. Senga alipitisha kiganja juu yake kama mtu anayempapasa farasi mzee. Kisha kidole chake kikasimama chenyewe. Karibu na ukingo, pale mstari mweupe ulipopaswa kupita, ulipita uzi mmoja wa njano.

Ukumbi ukamtoka. Ilikuwa Mei ya mwaka wa sabini na nne, asubuhi, mvua juu ya vioo vya paa. Wattie amesimama ng'ambo ya mtambo na spana mkononi, amejifanya anakaza kitu ambacho hakijalegea. Akainua uso. Midomo yake ikasema, polepole, bila sauti, katikati ya ngurumo ile: "Senga. Unaolewa au huolewi?" Mkono wa Senga ukapoteza njia. Alipozinduka, uzi wa njano ulikuwa umeshapita ukamezwa, na kitambaa kinasonga mbele, hakimngoji mtu. "Ngoja nimalize rangi hii," alimjibu. Akamaliza. Kisha akasema, "Naolewa."

Kitambaa kilipopelekwa ghorofani kwa wanawake wa sindano, waliokuwa wakitafuta kasoro na kuziponya, kilimwangukia Netta. Netta akashuka na hasira za bure, akaambiwa sababu, akapanda tena. Jioni alimpita Senga getini na kumwambia, "Njano yako nimeiona. Nimeiacha. Nikiitoa nitakuwa nimevunja uchumba wa watu."

"Kizuri, eh?" alisema Carfrae.

Senga aliondoa mkono. "Kizuri," alisema, akarudi chumbani kwake, akakaa juu ya kiti, na kwa muda mrefu hakuweza kutunga uzi kwenye tundu la sindano.

*

Watu waliketi. Mpiga zumari alipita katikati ya meza amevimbisha mashavu, na nyuma yake mpishi amebeba hagisi juu ya sinia, ule mfuko wa tumbo la kondoo ulioshindiliwa maini, moyo na shayiri, ukitoa mvuke kama kilima asubuhi. Senga hakusikia zumari. Alilihisi mbavuni. Waliletewa viazi vya kuponda na mizizi ya tanipu, wakaletewa wiski. Netta alikuwa amekuja na binti yake na kuketishwa mwisho kabisa wa ukumbi, meza ya wazee. Senga alikuwa mlangoni mwa chumba chake, mwisho wa pili. Kati yao palikuwa na meza ishirini, vicheko na vyombo.

Saa moja na nusu mnada ulianza. Jua, ambalo mwezi Juni huko huchelewa kuzama, lilikuwa bado juu ya vilima, na mwanga mrefu wa dhahabu ulilala sakafuni kana kwamba mtu ameumwaga na kusahau kuupangusa. Viliuzwa keki, safari ya kuvua samaki, mwanakondoo. Kisha Carfrae akasafisha koo.

"Mabibi na mabwana. Kitambaa cha wana Dalgarvie. Kilichofumwa kwa mikono, kibandani, na bibi fulani ambaye jina lake halijulikani, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na kuvaliwa vitani…"

Senga aliinua macho. Kutoka upande wa pili Netta alikuwa anamtazama. Hawakuwa wamesemeshana hivyo kwa umbali huo tangu kiwanda kifungwe, lakini midomo haisahau.

"Umekiona?" alisema Netta bila sauti.

"Nimekigusa. Ni kile."

"Mungu wangu. Kile cha njano?"

"Kile cha njano."

Netta akajiziba mdomo kwa leso, mabega yakatikisika. "Bibi fulani asiyejulikana! Senga, una miaka mia mbili, shoga, na hujambo!"

"Usicheke. Nifanye nini?"

Kicheko kikamwisha Netta. Pale jukwaani watu wawili walikuwa wameanza kupandishiana bei: mama mmoja wa Edinburgh mwenye unyoya kofiani, na Keir Dalgarvie.

"Nyamaza," alisema Netta. "Fedha ni ya wagonjwa. Ni ya kitanda alichofia Wattie. Nani ataumia?"

"Yule bwana ametoka mwisho wa dunia. Atakwenda kukitundika ukutani, awaoneshe wajukuu uongo wangu."

"Si uongo wako. Ni wa Struan."

"Struan hajui. Mimi najua."

"Basi jifanye kiziwi!"

"Mimi ni kiziwi, Netta!"

Mkono wa Keir, uliokuwa juu, ukashuka. Carfrae alimngoja. "Bwana Dalgarvie? Tumekupoteza?" Keir alikuwa amegeuka kitini, anamtazama Netta kule mwisho, kisha Senga huku, kisha Netta, kama mtu anayefuata mpira. Akamkazia macho Senga, na midomo yake ikafunguka, pasipo sauti, ikalikunja neno, ikalivuta, ikalipanua.

"Umekifuma wewe?"

Senga alishika mwimo wa mlango. Hakuna mwanamume aliyemsemesha hivyo tangu asubuhi ile ya mwisho Kilimani.

"Mimi," alijibu. "Hapa hapa. Nani amekufundisha?"

"Mama." Midomo ilimtetemeka, lakini maneno yalikuja yote. "Kanisani. Mahubiri yakiwa marefu, alinisemesha hivi ili baba asisikie. Mezani pia, wakija wageni. Nilidhani ni mchezo wetu wawili. Nilidhani ameubuni yeye."

"Hakuubuni yeye, mwanangu. Mama yako alikuwa mfumaji. Alikuwa humu ndani."

Ukumbi ulikuwa umeanza kugeuza shingo, watu wakiwatazama wale wawili wanaochezesha midomo kama samaki. Yule mama wa Edinburgh alikuwa ameinua tena mkono. Senga akaona ule mkono, akaona atakayedanganywa sasa ni mwingine. Akaweka kikapu chini. Akatembea katikati ya meza, na mwanga ule wa dhahabu ukampanda magotini kama maji ya kina kifupi.

Kiziwi hajui kipimo cha sauti yake. Alitaka kumwambia Carfrae faraghani, na ukumbi mzima ukasikia.

"Struan, kitambaa hiki si cha vitani. Nimekifuma mimi, mwaka wa sabini na nne, pale nguzo ya tatu, kwa agizo la ile nyumba kubwa. Kina uzi wa njano ambao ni kosa langu. Nisamehe."

Palinyamaza. Senga aliujua ukimya kwa nyuso. Carfrae aliiva uso kama nyanya. Akainama, akatafuta, akauona uzi. Mtu mmoja meza za nyuma alicheka, na mwingine akamnyamazisha. Carfrae angeweza kusema mengi. Alikuwa na kipaza sauti mkononi na aibu kifuani. Aliukodolea macho ule uzi, kisha akamsogezea Senga kipaza sauti.

"Basi tueleze wewe," alisema, akamgeukia uso ili aone midomo. "Maana mimi nimeshapotea."

Senga hakujua kuhutubia. Aliwaambia tu kulikuwa na mitambo mingapi. Aliwaambia kuhusu chafya nyekundu, kuhusu mikate waliyoipashia moto juu ya bomba la mvuke, kuhusu Wattie na spana yake. Alipofika kwenye "Ngoja nimalize rangi hii," watu wakaangua kicheko, akakiona kikipita kwenye meza kama upepo kwenye shayiri. Meza ya wazee bibi mmoja alisimama bila kuitwa, akasema, "Mimi nilikuwa chumba cha rangi." Mwingine akasema, "Mimi nilikuwa mwosha sufu, mikono yangu hii." Wakasimama saba, kisha kumi na mmoja, wengine kwa kushikiliwa. Netta wa mwisho, na leso.

Mnada ukarudiwa. Mama wa Edinburgh alitikisa kichwa na kurudia wiski yake. Alitaka kitu cha vitani. Keir alikichukua peke yake, kwa chini ya nusu ya kile alichokuwa tayari kutoa mwanzo, na hakuna aliyejifanya haoni hivyo. Baadaye Carfrae alimpitia Senga karibu na meza ya chai.

"Ungeniambia mapema, Bi Senga. Nimeonekana punguani mbele ya mji."

"Nilikuja kushona, si kusema. Na ningekuambia mapema ungekitoa kwenye mnada."

"Ningekitoa," alikiri, akaenda zake, bado ameudhika kidogo.

*

Meza zilisukumwa kando. Netta na Senga walimweka Keir kati yao kwenye benchi, kitambaa kimelala magotini mwake, wakamwambia lolote walilokumbuka. Dada yake Netta, marehemu, aliwahi kumtaja mmoja Ina aliyekuwa akiimba kwa midomo tu, mitambo ikiwa inapiga, na safu nzima ikiimba naye. Huenda ndiye, huenda siye. Keir aliupapasa ule uzi wa njano kwa ukucha.

"Aliona haya?" alisema hatimaye. "Ndiyo maana hakusema?"

"Sijui," alisema Senga. "Wengine waliona haya. Wengine walichoka tu. Mimi nilipoolewa nilitaka kuyasahau makelele yale. Sasa nayaota."

Ngoma ikaanza. Wanaume na wanawake walipanga safu mbili ndefu zilizotazamana, na jozi ya kwanza ikaanza kuzunguka kuishukia safu, mkono kwa mkono, ikibadilishana watu. Visigino mia mbili vilipiga mbao. Senga akaondoa mgongo kwenye benchi. Mtetemo ulikuwa umerudi, huu wa kweli, ukipanda nyayoni, magotini, kifuani.

"Inuka," Netta alimwambia Keir. "Mchukue huyu. Miaka mitatu hajacheza."

"Mimi sijui kucheza, mama," alisema Keir.

"Huyu naye hasikii muziki. Mnafaana."

Wakaingia. Keir alikwenda kulia ilipotakiwa kushoto, akawakanyaga watu na kuwaomba radhi kwa midomo badala ya sauti, kwa mazoea yaliyomrudia, nao hawakumwelewa. Senga alizunguka. Mikono ilimpokea na kumpokeza, ya vijana, ya wazee, mmoja wenye grisi kidogo kwenye kucha ambao hakuona uso wa mwenyewe, na nguzo nyeupe zilimpita moja moja, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliona nyuso za wasichana wa zamani zikichungulia kutoka nyuso za mabibi. Kwa muda hakujua ni mwaka gani, na hakuona haja ya kumwuliza mtu.

Alipotoka kwenye safu anahema, alimkuta mwanamke aliyevaa gauni la samawati anamngoja. Ni Sista Morven Tulloch, mkuu wa wauguzi wa Nyumba ya Kilimani.

"Nilikuwa zamu wakati wa mume wako," alisema. "Nilikuona kila siku. Nilidhani mmenyamaza. Kumbe mlikuwa mnaongea?"

"Tulikuwa tunagombana."

"Mama, nina watu kule juu wasio na sauti. Jumatatu utakuwa na kazi?"

*

Jumatatu alikwenda. Keir, aliyeahirisha kurudi kwao kwa wiki tatu, alimpeleka kwa gari la kukodi na kumngoja bustanini.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee Dugald Imrie, mchunga kondoo wa vilima vya juu, aliyepooza upande mmoja na kupoteza sauti. Siku sita hakula. Kila asubuhi alilisukuma bakuli, akachezesha midomo, akatazama dari. Binti yake alikuwa ameketi karibu na kitanda, macho yamevimba.

"Anasali," alimwambia Senga polepole. "Au anatuaga. Tunamshika mkono tu. Nataka kujua maneno yake ya mwisho, basi, hata kama yataniumiza."

Senga alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa kitanda. Nusu ya mdomo wa mzee ilikuwa imelala, nusu ilikuwa macho. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umesimama dirishani, mweupe, hausogei. Alimtazama mara ya kwanza, hakupata kitu. Akamwomba kwa midomo yake arudie. Macho ya mzee yakashtuka, yakamng'ang'ania, naye akarudia, na akarudia tena, kwa hasira.

Senga alikaa nyuma. Alijiuma mdomo asicheke.

"Anasemaje?" binti aliuliza. "Niambie, mama. Niko tayari."

"Anasema uji wenu hauna chumvi. Anasema mnautia sukari kama wa watoto wachanga, na hata mbwa wake asingeugusa."

Binti alimtazama baba yake. Mzee alitikisa kichwa, ndiyo, kwa nguvu zote alizobakiza. Binti akaangua kilio na kicheko kwa wakati mmoja, akainuka na kukimbilia jikoni, na viatu vyake, Senga aliviona, vilikuwa vya jozi mbili tofauti. Uji ukaletwa, wa chumvi. Mzee Dugald alikula bakuli zima, kijiko baada ya kijiko, binti akimpangusa kidevu. Kisha akamgeukia Senga, akavuta pumzi, na ile nusu ya mdomo wake ikaanza kueleza habari za kondoo jike aliyempotea kwenye theluji mwaka wa themanini na moja. Ilikuwa habari ndefu. Senga alivua koti, akalitundika kwenye kiti.